Uti wa Mgongo na Kichaa: Historia ya Kumtambua na Kumtibu Mbwa Aliyepooza katika Wilaya za Tarime na Serengeti

I

Maneno mawili ya Kiswahili ndiyo msingi wa habari hii, na yote mawili yamebebeshwa mzigo uzidio nguvu zake. La kwanza ni uti wa mgongo. La pili ni kichaa cha mbwa. Hapana mtu asemaye Kiswahili asiyeyajua, na mtoto wa Tarime au wa Mugumu ayasikiapo hahitaji kufasiriwa. Walakini neno lijulikanalo na wote ndilo lipotoshalo kwa urahisi, kwa kuwa mtu haoni sababu ya kuuliza maana yake. Makusudi ya makala haya ni kusimulia jinsi watu walivyojifunza kumtambua na kumtibu mbwa aliyepatwa na dhara la mgongo, na jinsi elimu hiyo ilivyokutana, katika wilaya mbili za Mkoa wa Mara, na ugonjwa mwingine ufananao na dhara hilo kwa sura lakini utofautianao nalo kama usiku na mchana. Itaonekana kwamba katika mkutano huo lugha haikuwa mtazamaji tu. Ilikuwa na sehemu yake, na pengine sehemu hiyo ilikuwa ya kupoteza maisha au kuyaokoa.

Uti ni kile kiungo kirefu, kigumu, kishikacho kitu kisilegee. Uti wa mti ni shina lake, na uti wa mgongo ni ule mfululizo wa pingili za mifupa uanzao shingoni na kuishia mkiani. Hiyo ndiyo maana ya kwanza. Lakini ndani ya mifupa hiyo mna tundu, na ndani ya tundu hilo hupita kamba laini, nyeupe, itokayo katika ubongo na kuchukua amri zote za kwenda na hisia zote za kurudi. Kamba hiyo nayo, katika maneno ya watu na hata katika vitabu vingi, huitwa uti wa mgongo. Maana ya tatu imekuja kwa njia ya hospitali: mtu asemapo kwamba jirani yake ameshikwa na uti wa mgongo, huwa ana maana ya homa kali itokanayo na uvimbe wa tando zifunikazo ubongo na kamba hiyo. Basi neno moja latumika kwa nyumba, kwa mwenye nyumba, na kwa ugonjwa wa kuta zake.

Kichaa cha mbwa nacho kina kisa chake. Mataifa mengi waliupa ugonjwa huu jina kwa dalili ishtuayo kuliko zote. Neno la Kilatini, rabies, lina asili moja na kitenzi cha kughadhibika. Wagiriki waliuita lyssa, yaani ghadhabu ya wazimu. Na Waarabu huuita kalab, neno lililo ndugu wa kalb, mbwa. Waswahili wamefuata njia hiyo hiyo: wamemwona mbwa akikimbia bila mwelekeo, akiuma watu, mifugo, miti na hata mawe, nao wakasema ana kichaa. Jina hilo ni la kweli, lakini ni la nusu ya kweli. Uko mwendo wa pili wa ugonjwa huu ambao hauna fujo hata kidogo. Mbwa hunyamaza, hujificha gizani, taya lake la chini hulegea, mate humtoka, na miguu yake ya nyuma hukosa nguvu hata akajikokota. Huyo hana kichaa machoni pa mtu ye yote. Huonekana kama mbwa aliyevunjika mgongo.

II

Wilaya ya Tarime yapakana na Kenya kwa upande wa kaskazini, na barabara kuu itokayo Musoma hupita mjini Tarime na kufika mpakani Sirari. Nchi yake ya juu ina mvua na udongo mzuri, na wenyeji wake walio wengi ni Wakurya, wakulima walio pia wafugaji wa ng'ombe. Wilaya ya Serengeti, ambayo mji wake mkuu ni Mugumu, iko upande wa kusini na mashariki, nayo yagusana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951. Humo wamo Wakurya, na pamoja nao Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Mto Mara hutoka Kenya, hupita hifadhini, kisha huendelea hata Ziwa Viktoria. Hivyo hii ni nchi ambamo ng'ombe, mbwa, fisi na simba hawatenganishwi na ukuta, ila na saa za siku tu.

Katika nchi kama hiyo mbwa si pambo. Hulala nje ya zizi usiku ili abweke fisi au mwizi afikapo, na mchana hufuatana na vijana machungani. Hafungwi kamba wala hafungiwi bandani, na chakula chake ni makombo ya ugali pamoja na kile ajipatiacho mwenyewe. Ana mwenyewe, lakini ana uhuru pia. Kwa sababu ya uhuru huo mgongo wake umo hatarini kila siku: teke la ng'ombe, rungu la jirani aliyeibiwa mayai, pambano na mbwa wengine, na tangu barabara zilipopata magari mengi na pikipiki za abiria, gurudumu. Mbwa agongwaye na gari mara nyingi hapigwi kichwani. Hupigwa kiunoni wakati akijaribu kuvuka, nacho ndicho kiungo ambapo mbavu zimekwisha na mifupa ya mgongo haina tegemeo.

Mwenye mbwa, amkutapo amelala kando ya njia akiwa hawezi kuinua nyonga zake, huuliza maswali ambayo hata daktari huyauliza. Je, yuko aliyeona alipopigwa? Alianza lini? Je, ulemavu huo ulimjia mara moja, au uliongezeka siku baada ya siku? Maswali hayo ni mepesi, lakini ndiyo nusu ya elimu ya kutambua ugonjwa. Dhara la pigo huja ghafula, na kwa kawaida baada ya siku ya kwanza au ya pili haliendelei kupanda. Ugonjwa wa ndani huja kwa kunyemelea, nao hupanda kutoka kiungo kimoja hata kingine.

III

Elimu ya madhara ya mgongo ni ya kale, na kwa muda mrefu ilikuwa elimu ya kukata tamaa. Hati moja ya Misri, iliyoandikwa kiasi cha mwaka 1600 kabla ya Kristo, yaeleza habari za mtu aliyevunjika pingili za shingo hata asiihisi mikono wala miguu yake, na hukumu ya mganga ni kwamba maradhi hayo hayatibiwi. Hukumu hiyo haikubadilika sana kwa muda wa miaka elfu tatu na zaidi.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya mbwa mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ile iliyofuata, Charles Sherrington wa Uingereza alichunguza wanyama ambao kamba ya mgongo ilikuwa imekatwa, akaonyesha kwamba sehemu iliyo nyuma ya mkato haifi. Mbwa wa namna hiyo akikunwa ubavuni, mguu wake wa nyuma hujikuna wenyewe, ingawa ubongo hauna habari. Sherrington alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Jina lake, pamoja na la Moritz Schiff aliyemtangulia, limebaki katika dalili moja ijulikanayo na kila daktari wa mifugo: mbwa aliyeumia vibaya katikati ya mgongo huikaza miguu yake ya mbele kama vijiti, huku ile ya nyuma ikilegea.

Katika mwaka 1911 Alfred Reginald Allen wa Philadelphia, Marekani, aliangusha uzito uliopimwa juu ya kamba ya mgongo ya mbwa iliyofunuliwa, ili ajue pigo la kiasi gani huleta dhara la kiasi gani. Aligundua jambo ambalo limeongoza matibabu hata leo: pigo lenyewe si mwisho wa dhara. Baada ya saa chache kamba huvimba ndani ya tundu lake la mfupa lisilotanuka, damu huvuja, na sehemu zilizosalimika mwanzoni huanza kufa kwa kubanwa. Kisha katika mwaka 1952 Hans-Jörgen Hansen wa Uswidi alitofautisha namna mbili za kuharibika kwa visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili, namna moja ikipasuka ghafula na nyingine ikisukuma polepole. Tangu hapo ilijulikana kwamba mbwa aweza kupooza pasipo kupigwa na mtu wala kitu.

Kwa elimu hiyo njia ya kumpima mbwa imekuwa wazi, nayo yaweza kufuatwa chini ya mwembe kama katika chumba cha hospitali. Mpimaji hutazama kwanza jinsi mnyama atembeavyo, kama aweza kutembea. Kisha huugeuza wayo wa mguu wa nyuma ili mgongo wake uguse ardhi: mbwa mzima huurudisha mara moja, na mwenye dhara huuacha ulivyo. Kisha huupapasa mgongo pingili kwa pingili akitafuta mahali penye maumivu. Mbwa ana pingili 7 za shingo, 13 za mbavu, 7 za kiuno na 3 za nyonga zilizoshikamana, mbali na zile za mkia. Mpimaji ajuaye hesabu hiyo aweza kutaja mahali pa dhara kwa karibu sana. Mwisho huminya kidole cha mguu kwa nguvu. Hapa ndipo wengi hukosea. Mguu ukirudi nyuma, hiyo si ishara ya kuhisi. Ni ile kazi ya kamba peke yake aliyoionyesha Sherrington. Ishara ya kuhisi ni mbwa kugeuza kichwa, kulia, au kutaka kuuma. Akiufanya mguu urudi na huku uso wake haujui lo lote, tumaini ni dogo. Akigeuka na kulia, hata kama hawezi kusimama, tumaini lipo.

Matibabu nayo yana daraja zake. Katika hospitali kubwa hupigwa picha za eksirei au za mashine ya sumaku, na mpasuaji huondoa sehemu ya mfupa ili kamba ipate nafasi. Mambo hayo yahitaji vyombo na fedha visivyopatikana kwa mchungaji wa kijijini. Lakini daraja la chini si la kudharauliwa. Mbwa huwekwa juu ya ubao na kufungwa asijipinde, ndipo achukuliwe. Hufungiwa mahali padogo, penye matandiko makavu, kwa muda wa majuma manne hata sita, asiruke wala kukimbia. Hugeuzwa ubavu mara kadhaa kwa siku asipate vidonda. Kibofu chake huminywa taratibu mara tatu au nne kwa siku iwapo hawezi kukojoa mwenyewe, kwa kuwa mbwa wengi waliopooza hawafi kwa mgongo, hufa kwa mkojo uliozuilika na kuoza. Dawa za maumivu za binadamu asipewe kwa kukisia, maana baadhi yake, kama ibuprofeni na diklofenaki, zaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Mbwa wengi wenye kuhisi hupona kwa uangalizi huo tu.

IV

Hata hapa habari ni njema. Lakini kila tendo lililotajwa, la kubeba, kugeuza, kuminya na kulisha, huleta mkono wa mtu karibu na kinywa cha mbwa. Ndipo swali la uti wa mgongo liwapo swali la kichaa.

Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia kwa mate, katika jeraha la kuumwa. Hakisafiri kwa damu. Hukaa kwanza katika nyama, kisha hushika mishipa ya fahamu na kupanda nayo polepole hata kifike katika kamba ya mgongo, na kutoka hapo hata ubongoni. Baadaye hushuka tena kwa mishipa mingine hata katika tezi za mate. Kikiharibu zaidi kamba ya mgongo na shina la ubongo, mbwa hupooza. Tena hushindwa kumeza, na mwenyewe akimwona anatoa mate, taya limelegea, hudhani kwamba mfupa umekwama kooni. Akatia mkono wake kuutafuta.

Ni ajabu ya historia kwamba kinga ya kwanza ya ugonjwa huu ilitoka katika kiungo kile kile ambacho kirusi hukitumia kama njia. Louis Pasteur wa Ufaransa, pamoja na msaidizi wake Émile Roux, waliwaambukiza sungura, kisha wakazitoa kamba za mgongo za sungura hao na kuzikausha ndani ya chupa. Kila siku ya kukauka ilipunguza ukali wa sumu. Tarehe 6 Julai 1885 mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, alianza kuchomwa sindano zilizotengenezwa kwa kamba hizo, akianza na ile iliyokauka zaidi na kuendelea hata iliyo mbichi. Alichomwa sindano 13, naye akaishi. Katika mwaka 1903 Adelchi Negri wa Italia aliona kwa darubini chembe fulani katika seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa ugonjwa huu, na kwa muda wa nusu karne hiyo ikawa njia ya kuutambua.

Dawa iliyofuata, iliyotengenezwa na Daktari David Semple huko India mwaka 1911, nayo ilitoka katika ubongo na mishipa ya wanyama. Kutokana nayo yakazaliwa yale masimulizi ya sindano nyingi za tumboni ambayo wazee wa Afrika Mashariki wayakumbuka hata sasa. Ilikuwa na hatari yake: mara chache mwili wa mgonjwa uliposhindana na nyama ngeni ya mishipa, ulishindana pia na mishipa yake mwenyewe, naye akapooza. Hivyo kamba ya mgongo ilikuwa njia ya ugonjwa, chanzo cha dawa, na tena mahali pa madhara ya dawa. Chanjo za siku hizi hutengenezwa katika seli zilizokuzwa maabarani, nazo hazina hatari hiyo.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi. Mpaka ulio kati ya Kenya na Tarime haukuwa kizuizi kwa mbwa, kama usivyokuwa kizuizi kwa ng'ombe wala kwa ukoo.

V

Wakuu wa elimu walianza kuitazama Serengeti kwa sababu ya wanyama wa porini, si kwa sababu ya wanadamu. Katika miaka ya 1989 hadi 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa pande zote mbili za mpaka, Masai Mara na Serengeti, yalikufa na kutoweka, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwao. Kisha mwaka 1994 simba walianza kuonekana wakitetemeka, wakijikwaa na kuanguka kwa kifafa. Kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa. Ugonjwa huo haukuwa kichaa, bali ule uitwao na madaktari distempa, ambao kirusi chake ni ndugu wa surua ya watoto. Mbwa wa vijijini, waliokuwa wengi na wasiochanjwa, walishukiwa kuwa chanzo, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kirusi hicho chaweza pia kuendelea miongoni mwa wanyama wengine hata mbwa wanapochanjwa.

Distempa yafaa kutajwa hapa kwa sababu ya pili. Nayo hula ngozi nyeupe izungukayo nyuzi za kamba ya mgongo, na mbwa aliyepona mafua na kuhara aweza, majuma kadhaa baadaye, kuanza kuyumba nyuma na kutikisika msuli mmoja bila kukoma hata akiwa usingizini. Kwa hiyo mbwa aliyepooza katika boma la Tarime au Serengeti aweza kuwa na moja ya mambo matatu: pigo, distempa, au kichaa. La kwanza latibika mara nyingi, la pili mara chache, la tatu halitibiki kabisa, tena laweza kumuua amtibuye.

Mwezi Oktoba 1996 chanjo ya mbwa ilianzishwa katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti, chini ya uongozi wa Sarah Cleaveland na wenzake, na katika kazi hiyo alisimama mstari wa mbele daktari wa mifugo Mtanzania, marehemu Magai Kaare. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Siku ikitangazwa, watu waliwaleta mbwa wao mahali pamoja pa kijiji, na wengi wa walioleta walikuwa watoto, wakiwavuta kwa kamba za katani. Hata mwaka 2001 zilikuwa zimefanyika zamu nne, na idadi ya mbwa waliochanjwa ilikuwa kati ya asilimia 61 na 74. Ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya zamu ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Watu waliofika hospitali kwa kuumwa na mbwa wenye kushukiwa walipungua pia. Uchunguzi wa Kaare mwenyewe, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba njia ya kukusanyika mahali pamoja yafaa vizuri kwa watu walimao na kufuga, kama hao wa Mara, lakini haiwatoshi wafugaji wahamao walio upande wa Ngorongoro.

Kutoka mwaka 2002 hata 2006 watafiti waliufuata ugonjwa nyumba kwa nyumba katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakiuliza: mbwa huyu aliumwa na nani, lini, naye aliwauma wangapi? Kwa kuuliza hivyo walijua kwamba tangu kuumwa hata kuugua hupita siku 22 hivi kwa wastani, na kwamba mbwa akiisha kuugua, huishi siku 3 hivi tu. Kila mbwa mgonjwa huambukiza wengine kati ya mmoja na wawili. Ndiyo sababu kuchanja asilimia 70 yatosha kuukata mnyororo. Na yafaa ikumbukwe kwamba elimu hiyo haikutoka katika darubini. Ilitoka katika kumbukumbu za wanavijiji na katika mazungumzo.

Maabara nayo ilikuwa na kazi yake. Njia iliyokubaliwa na dunia tangu 1958 yahitaji darubini ya mwanga maalumu, ghali, na chumba cha giza. Katika mwaka 2006 Tiziana Lembo na wenzake walitangaza matokeo ya kujaribu, kwa vipande vya ubongo vilivyokusanywa Tanzania na kuhifadhiwa katika gliserini, njia nyingine itumiayo darubini ya kawaida. Majibu yakalingana. Kisha ikaonyeshwa mwaka 2016 kwamba chanjo moja ya mbwa hubaki na nguvu zake kwa miezi 6 katika joto la sentigredi 25, na kwa miezi 3 katika joto la 30. Hivyo chanjo yaweza kukaa kijijini, pasipo jokofu, mikononi mwa watu wa kijiji wenyewe.

Pamoja na hayo yote, hesabu ya watu ni ya kuhuzunisha. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002, yaliyotokana na hesabu za majeraha ya kuumwa, yalisema kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa nchini Tanzania kila mwaka, ilhali vifo vilivyoandikwa rasmi vilikuwa 11 hivi kwa mwaka. Waliosalia walikufa majumbani, au walikufa hospitalini kwa jina la ugonjwa mwingine.

VI

Hapo ndipo historia hii inaporudi kwa wenye kazi ya lugha. Ugonjwa hauwezi kuhesabiwa usipotajwa, nao hautajwi sawasawa ikiwa jina lake laelekeza macho mahali pengine. Mkulima aambiwaye ajihadhari na kichaa humtazamia mbwa mwenye kukimbia na kuuma, naye hujihadhari kweli. Mbwa akija kimya, akajikokota na kulala miguuni pake, humhurumia. Huruma ni tabia njema, na haifai jina la ugonjwa liigeuze kuwa mtego.

Kadhalika, daktari wa mifugo aandikapo katika cheti kwamba mbwa ana ugonjwa wa uti wa mgongo, mwenye mbwa aweza kufahamu kwamba mfupa umevunjika, jirani yake aweza kufahamu ile homa ya watoto, na daktari mwenyewe alikuwa na maana ya kamba iliyo ndani. Watu watatu wamesoma maneno matatu, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kama aogope mate au asiogope.

Lugha haikosi njia. Neno ugwe, lenye maana ya kamba nyembamba, li tayari katika Kiswahili tangu zamani, na ugwe wa mgongo laweza kuiita kamba ile bila kuichanganya na mifupa. Uti wa mgongo lingebaki na mifupa, ambayo ndiyo mali yake ya asili. Kwa homa ya binadamu, jina la homa ya uti wa mgongo limekwisha kuzoeleka na halihitaji kuondolewa, mradi neno homa lisiachwe. Na kwa kichaa, kwa kuwa jina limekwisha kushika mizizi na mabango yote yamelichukua, yatosha kuligawa: kichaa cha ukali na kichaa cha kimya. Neno la kimya, likisikiwa mara moja na mtoto aletaye mbwa wake kuchanjwa, humfundisha yale ambayo hotuba ndefu haiwezi.

Nayo kanuni ya kutenda haihitaji istilahi nyingi. Mbwa aliyepooza ambaye pigo lake halikuonwa na mtu, asishikwe kinywa. Afungiwe peke yake, apewe maji, atazamwe kwa siku 10. Aliyepigwa atakuwa hai siku ya kumi na moja, na matibabu ya mgongo yaweza kuendelea kwa amani; mwenye kichaa atakuwa amekufa kabla ya hapo. Mtu aliyekwisha kuguswa na mate penye jeraha asingoje siku hizo. Na aoshe kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyo hiyo, kwa maana dalili zikiisha kutokea hakuna dawa.

Katika historia hii yote, tangu hati ya Misri hata kamba za katani za watoto wa Serengeti, jambo moja lajirudia: waliofaulu ni wale waliotofautisha vitu vilivyofanana. Sherrington alitofautisha mguu urudio na mbwa ahisiye. Hansen alitofautisha gegedu lipasukalo na lile lisukumalo. Watafiti wa Serengeti walimtofautisha mbwa aliyeuma kwa ghadhabu ya kawaida na yule aliyeuma kwa ugonjwa. Kutofautisha huko huanza kwa jicho, lakini hakukai pasipo neno. Na neno hilo, katika nchi iliyo kati ya Mto Mara na mpaka wa Sirari, ni lazima liwe la Kiswahili, maana kwa lugha hiyo Mkurya, Mngoreme na Mwikoma huongea na daktari na hupokea jibu.